Usigeuze Santuri

Kabla sijawa mtu wa santuri nilikuwa mtu wa ndizi. Hilo halihusiani na ninachotaka kueleza, lakini nikiliruka nitakosa pa kuanzia, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na darasa la nne na mikono miwili, nikapata kibarua Maruku, kwenye mashamba ya majaribio, kupalilia migomba na kubeba mikungu. Siku moja moja walituita bandani wakatuwekea sahani za ndizi zilizopikwa, kila sahani aina yake, haikuandikwa jina, wakatuuliza ipi tamu. Sijawahi kufanya kazi rahisi kama ile, kula na kusema. Lakini wazee waligombana. Mmoja alishika tonge, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo ya kwetu, ya nyuma ya nyumba ya mama." Mwenzake akamjibu, "Mama yako hakuwa na mgomba huu. Mama yako alikuwa anakuja kuomba ndizi kwetu." Wakasimama, matonge bado yako mikononi. Bwana shamba alikuwa anaandika tu, sijui aliandika nini, labda aliandika "tamu". Baadaye tukaambiwa kwamba sahani ile ilikuwa ya ndizi mpya iliyoletwa kutoka mbali, hakuna mama yeyote wa Buhaya aliyewahi kuipanda. Yule mzee alipoambiwa hivyo hata hakuona haya. Alisema, "Basi walimwibia mama."

Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa kijana, nilidhani ni wazee tu walio hivyo.

Kibarua kilipoisha nilishuka Bukoba mjini kutafuta kazi, nikaipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko. Siku hizo walikuwa bado wengi, leo ukiwahesabu vidole vinabaki. Aliuza vitambaa, taa za chemli, vipuri vya baiskeli, na santuri. Alikuwa mtu mwema kwa kadiri mwenye duka anavyoweza kuwa mwema. Alinipa kigoda mlangoni, kando ya gramafoni, na kazi yangu ikawa kupiga muziki kuanzia duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa ili wapita njia wasimame. Nilibadilisha sindano, nilifuta vumbi kwa kitambaa laini, na niliishika santuri kwa kingo kama mtu anayeshika yai lililopasuka. Sheria yake ilikuwa moja tu. "Usigeuze santuri."

Asiyejua mambo ya wakati ule nimweleze. Wimbo wa bendi ulikuwa mrefu, na santuri ilikuwa ndogo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulibeba nusu yake, mwimbaji analia, magitaa yanaanza kupanda, halafu kimya. Ili usikie yaliyobaki lazima ugeuze. Mhindi aliona hapo ndipo penye biashara. "Anayetaka kujua mwisho anunue," alisema. Na kweli walinunua, hasa msimu wa kahawa. Lakini wengi hawakuwa na gramafoni. Wengi walisikiliza dirishani kwetu, au redioni, na redioni nako, kwenye kipindi cha salamu, mtangazaji akishamaliza kusoma majina ya watu ishirini na ndugu zao wote, muda uliobaki ulitosha upande wa kwanza tu.

Ndiyo sababu nasema sisi wa Bukoba, na Muleba yote, tulizijua nyimbo nusu. Tuliziimba nusu, tukazichezea harusini nusu, tukazitumia kuonyana nusu. Na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kinakosekana, kwa sababu nusu yenyewe ilikuwa tamu.

Bendi yetu sitaitaja. Wanaojua wanajua. Ilikuwa na magitaa matatu, tarumbeta mbili, na mwimbaji mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Nilishona shati kama lao, lenye kola ndefu, nikafuga nywele kama zao. Mke wangu alikuwa kwetu Muleba, analima kibanja chetu cha migomba na kulea mtoto wetu wa kwanza, msichana aliyekuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Basi la asubuhi kutoka Bukoba lilikufikisha Muleba kabla ya saa sita. Nilikuwa naenda nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Nikiulizwa, nilisema kazi ni nyingi.

Wimbo uliotupagawisha mwaka ule tuliuita wimbo wa mlango. Mwanamume yuko nje ya nyumba yake, ametoka safari, anamwomba mkewe afungue. Anasema mvua imemkuta, anasema miguu imevimba, amekuja na kanga ya zawadi inalowa mkononi. Mke hafungui. Upande wa kwanza unaishia hapo, gitaa la solo linagonga mlango, ngo, ngo, ngo. Watu wazima walilia mbele ya duka letu. Wanawake pia walilia, wakisema mwenzao ana roho mbaya.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Bendi ilikuja Bukoba kupiga dansi Jumamosi. Alhamisi yake kondakta wa basi la Muleba alishuka, akanikuta kwenye kigoda changu, akaniambia, "Mkeo anasema mtoto anaharisha sana, uje." Mhindi hakunizuia. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba alinizuia, na yeye alishakufa, hawezi kujitetea. Alisema, "Nenda." Mimi ndiye niliyejibu, "Nitakwenda Jumapili, watoto wote wanaharisha." Mtoto akafa Ijumaa, akazikwa Jumamosi. Jumamosi hiyo nilicheza mpaka shati likaloa. Habari zilinifikia Jumapili asubuhi nikiwa stendi tayari, nauli mkononi, nimemnunulia mama yake chupa ndogo ya mafuta ya kunukia.

Nilifika, nikapita kwenye migomba, nikakuta kaburi jipya, na mlango umefungwa kwa ndani. Nilibisha. Nilisema maneno mengi. Hakufungua, hakujibu. Majirani walinitazama kutoka kwenye vibanja vyao. Mwishowe nilirudi Bukoba na basi la jioni, na njia nzima nilikuwa nauimba ule wimbo moyoni, maana niliona umetungwa kwa ajili yangu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Nikanunua kadi ya salamu za redioni. Nilikuwa sijui kuandika vizuri, lakini hiyo niliandika mwenyewe: wimbo wa mlango umwendee mke wangu aliyeko Muleba, mwenye roho ya komeo. Ikasomwa. Mtangazaji hata alicheka kidogo kwenye "komeo", akarudia. Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, na kuanzia wiki ile mke wangu akawa Komeo. Kisimani Komeo, sokoni Komeo, kanisani nyuma ya mgongo wake Komeo. Hakuwa mke wangu tena, lakini jina lilibaki naye.

Kama mwezi hivi baadaye Mhindi alisafiri kwenda Mwanza, nikabaki na duka mimi na mwanawe. Mchana hakuna wateja, mvua inanyesha. Nikageuza santuri.

Upande wa pili anaimba mwanamke. Sikujua hata kama bendi ilikuwa na mwanamke. Anajibu kutoka ndani. Anasema, mlango huu niliuacha wazi miezi saba, mbuzi wa majirani waliingia, wewe hukuingia. Anasema, safari gani, bwana, ya kutoka mtaa wa pili? Shati lako nililiona limeanikwa uani kwa mwenzangu, na siku hiyo ndiyo niliyofunga. Halafu magitaa yanakwisha polepole, hayagongi tena.

Nilisikiliza mara mbili. Mtu atauliza nilifanya nini. Sikufanya kitu. Nilifuta sahani kwa kitambaa, nikaigeuza tena, nikaendelea kupiga upande wa kwanza, kwa kuwa ndio niliolipwa kuupiga.

Miaka imepita, duka liliacha santuri likaingia kaseti, likaacha kaseti likaingia rangi na misumari. Niliajiriwa kwingine, nilioa tena, nikafiwa na huyo wa pili, na sasa nakaa Kagondo na migomba yangu michache. Lakini bendi sikuiacha. Bilele, pale mjini Bukoba, kuna baa yenye kibaraza, na Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa tunakutana pale wapenzi wa bendi, wazee watupu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwepo karani wa kahawa wa zamani, na fundi redio aliyekuja na mashine yake ya santuri imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tuliagiza bia moja moja tukabishana mpaka jua linapinda.

Tulibishana kila kitu. Karani alishikilia kwamba bendi ilikufa siku waliponunua kinanda. "Kinanda kilileta ugonjwa," alisema. "Santuri za kabla ya kinanda ni muziki. Za baada ya kinanda ni kengele ya shule."

"Waitu, ndugu yangu, masikio yako yameliwa na mchwa," mwalimu alimjibu. "Bila kinanda ule wimbo wa mbuzi ungesimama wapi?"

"Ungesimama kwa miguu minne."

Na wimbo wa mbuzi wenyewe, mwingine wa bendi yetu, tuliujadili Jumapili tatu. Mwalimu alisema mbuzi ni serikali. Kwa mwalimu kila mnyama ni serikali. Kuku ni serikali, nyoka ni serikali, hata nzige. Mimi nilisema mbuzi ni mbuzi, kwa sababu bendi ilipokuja Bukoba nilimwona mpiga besi kwa macho yangu akila nyama ya mbuzi na kuisifu. Walinicheka. "Darasa la nne hilo linaongea," karani alisema, tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Sikuchukia. Nilipapenda pale. Siku zangu nyingine sita zilikuwa za kuingoja hiyo moja.

Mwalimu alikuwa amepata kipindi kwenye redio ya hapa mjini, Jumamosi alasiri, kuelezea maana za nyimbo za zamani. Alikuwa na sauti nzuri, anapumua vizuri kati ya maneno. Wimbo wa mlango ulikuwa kipenzi chake, aliupiga karibu kila mwezi, na kila mara alisema ni funzo kuhusu mke mwenye roho ya jiwe. Nilikuwa namsikia, nanyamaza. Miaka mingi nilinyamaza, na haikuniwia vigumu.

Kisha nikaenda msibani Muleba. Tumekaa kwenye majani nje, kikapu cha kahawa ya kutafuna kinapita, mkono uliokishika mbele yangu ukawa wa yule mke wangu wa kwanza. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Amekonda, amefunga kitambaa cheupe.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nilizeeka zamani. Hukuwepo."

Akakaa kando yangu, kwa mbali kidogo. Msichana mmoja akapita na birika, akaita, "Bibi Komeo, unakunywa chai?" Akamjibu anakunywa. Kisha akanigeukia.

"Unasikia? Hawa hawajui hata lilitoka wapi. Wanafikiri ndilo nililobatizwa. Lilikuwa linaanza kufa, mwalimu wenu wa redio akalifufua. Kila akiupiga ule wimbo majirani wananiongezea sauti niusikie."

Ndipo nikasema, nadhani kwa kutaka kumfurahisha, "Kuna upande wa pili. Yule mwanamke anajibu." Nikamwambia maneno yote, mbuzi, shati, mtaa wa pili. Hakuwahi kuyasikia. Nani angemchezea? Alitafuna kahawa yake taratibu.

"Wewe uliyajua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka ule ule," nikasema.

Akatema ganda la kahawa pembeni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Basi mwambie mwalimu wako ayaseme hayo redioni," akasema. "Sitaki kitu kingine kwako. Mara moja tu, majirani wasikie. Jumamosi nitafungua redio, nitaiongeza sauti mimi mwenyewe."

Jumapili iliyofuata niliwaambia kibarazani. Mwalimu aliweka glasi chini. "Hakuna upande wa pili," alisema. "Mimi nina wimbo huo kwenye simu, kwenye flashi, na redioni. Unaishia kwenye gitaa."

"Unaishia hapo kwa sababu ulinakiliwa kutoka upande mmoja," nikasema.

"Na wewe ulisikia wapi?"

"Dukani. Niliupiga."

"Uligeuza?" karani akadakia. "Si ulituambia Mhindi alikukataza?" Wakacheka. Mwalimu akasema kwa upole, kama anavyosema redioni, kwamba kumbukumbu za mzee ni kama lubisi ya ndizi, zikikaa sana zinachacha. Niilete hiyo santuri, akasema, sisi si watu wa imani, ni watu wa ushahidi.

Haya. Nilimwendea mwana wa Mhindi, naye ni mzee sasa, anauza misumari akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Wenzake wote wameshahama. Nilimweleza ninachotafuta. Akaniuliza, "Ya kusikiliza au ya kuuza?" Nikasema ya kusikiliza. Akapanda ngazi kwenye stoo, akakaa huko kiasi cha mimi kuhudumia wateja wawili, akashuka na boksi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilikuwamo. Bado ina karatasi yake. Akasema chukua, tangu baba afe hakuna aliyeuliza.

Jumapili nikaipeleka nimeikumbatia. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, kama kijana anayekwenda kuposa. Jumamosi mbili zilikuwa zimeshapita, na huko Muleba redio ilikuwa imeshafunguliwa mara mbili bure.

Fundi alifungua blanketi, akapuliza sindano. Tukaanza upande wa kwanza kwa heshima, wakauimba wote. Kisha nikaigeuza kwa mikono yangu mwenyewe.

Ikaimba. Haikukwaruza hata kidogo. Yule mwanamke alikuwa amekaa humo miaka yote hiyo, sauti yake mpya kabisa kwa sababu hakuna aliyeitumia. Mbuzi wa majirani. Mtaa wa pili. Shati. Mama mwenye baa alitoka ndani na kitambaa cha kufutia glasi, akasimama mlangoni akasikiliza, na mimi nikamtazama nikidhani huyu atanisaidia. Ikaisha.

"Mh," mama akasema. "Huyu analalamika sana." Akarudi ndani.

Karani akakuna kichwa. "Gitaa limelegea upande huu. Sikia lile la kwanza linavyogonga. Huku wamechoka."

"Ni nyongeza," mwalimu akasema. "Santuri ilibaki na nafasi, wakajaza."

"Ni wimbo ule ule," nikasema. "Mwalimu, umesikia mwenyewe. Ulitaka ushahidi, huo hapo. Ninachoomba ni Jumamosi useme, na upande huu uupige pia. Mara moja tu. Kuna mtu anasubiri."

"Nani anasubiri?"

Nikawaeleza. Mtoto, dansi, kadi, Komeo, vyote, kama nilivyoeleza hapa. Sijawahi kumweleza mtu mwingine. Nilipomaliza fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Karani ndiye aliyeongea kwanza, naye alikuwa amekasirika, sijui kwa nini, wala amemkasirikia nani.

"Mimi nimemwimbia mke wangu upande wa kwanza tangu tuoane. Akichelewa kufungua namwimbia, tunacheka. Leo nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa namtukana?"

"Mzee mwenzangu," mwalimu akasema, na akanishika bega, "nakuhurumia, kweli. Lakini redio kazi yake ni kuwapa watu wanachokikumbuka. Nikiupiga upande huo watapiga simu waseme nimeharibu wimbo. Na tuseme ukweli, waitu, wewe hutaki maana ya wimbo. Unataka kuungama. Kwa hilo padre yupo."

Nilitafuta la kumjibu. Mpaka leo nikiwa kwenye migomba nalitafuta. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo, na bado alikuwa amekosea, na sikuwa na shule ya kumwonyesha vitu hivyo viwili vinatengana wapi.

"Hebu turudishe ule," karani akasema. "Tusafishe masikio."

Fundi aliniangalia kidogo, kana kwamba anaomba ruhusa. Sikumpa, sikumnyima. Akaigeuza santuri, akaweka sindano. Mvua ikamkuta yule bwana upya, miguu ikavimba upya, na wazee wakaanza kuimba, kwanza karani, kisha mwalimu na sauti yake ya redio, kisha fundi kwa aibu, kisha meza ya jirani iliyokuwa haituhusu. Walikuwa wanaimba vizuri. Hilo nalisema bila kinyongo, waliimba vizuri sana, na mguu wangu mmoja ulikuwa unapiga chini ya meza kabla sijauzuia.

Nilisimama. Karani alidhani naenda msalani, akavuta miguu yake nipite bila kuacha kuimba. Nilichukua kofia, nikaacha bia nusu na santuri ikizunguka, nikashuka ngazi za kibaraza, nikapita mbele ya soko, nikashika njia ya Kagondo. Sijarudi tena pale.